Mwanamke Aliyelipaka Kufuli Mafuta

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ni zawadi ya hekima: mtu aliyemaliza kukimbizana na kengele apewe saa, akae aitazame vizuri. Mkala biriani, mkatoa hotuba, kisha Mwalimu Asha, aliye mdogo wenu nyote katika idara, akaniomba niwaandikie jinsi ya kufundisha lile swali linalotahiniwa mwaka nenda mwaka rudi: mwandishi ametumia mbinu gani kuonyesha mgogoro wa nafsi wa mwanamke aliyefungiwa ndani. Nimekubali. Habari za vyeo nimeziacha. Mwalimu wa Kiswahili akianza kusimulia alivyopandishwa cheo, hadithi huisha kabla chai haijapoa.

Nilifika shule yetu hii ya Kisauni nikiwa na viatu vipya na imani kwamba niliyofundishwa chuoni yalikuwa kweli. Viatu vilidumu zaidi. Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Mwadime, Mtaita mrefu, mpole, aliyezungumza taratibu kama mtu anayeokota maneno mchangani. Alinikabidhi chaki nusu boksi, kifutio kilichobaki kibao kitupu, na riwaya iliyokuwa ikitahiniwa. Akaniambia, "Mwalimu Nuru, kidato cha tatu wanakungoja. Mimi nitakaa nyuma kidogo, usinijali." Mkubwa wako akikuambia usimjali, mjali.

Riwaya yenyewe ilimhusu mwanamke aitwaye Mwanaidi. Mumewe ni mfanyabiashara, na kila akitoka humfungia kwa kufuli. Jioni akirudi hulitundika kufuli msumarini, wakala, wakalala. Mwanaidi huzungumza na mtungi wa maji, huchungulia dirishani, huota ndege. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaandika ubaoni "Mbinu", nikapiga mstari chini yake kwa rula.

"Dirisha linaashiria nini?" nikauliza.

"Uhuru, mwalimu," darasa zima likajibu.

"Na ndege?"

"Uhuru."

"Na bahari anayoisikia kwa mbali?"

"Uhuru."

Nikajiona bingwa. Kipindi kizima kilikwenda hivyo. Mwishowe tulipofika kwenye jiko la mkaa, msichana mmoja akasema nalo ni uhuru, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia vizuri sana.

Tulipotoka nje, Mwalimu Mwadime akanipongeza. "Umewafundisha wakafundishika," akasema. "Sasa hata ukiwauliza choo kinaashiria nini, jibu wanalo." Kisha akasimama kivulini, kwenye veranda ya maabara, akaniuliza swali moja: "Huyo Mwanaidi anataka nini?"

"Kutoka," nikasema.

"Basi hana mgogoro wa nafsi. Mtu anayetaka kutoka tu, na mlango umefungwa, anahitaji fundi wa vitasa, hahitaji mwalimu wa fasihi. Mgogoro ni pale anapotaka kutoka na kubaki kwa pumzi moja. Hebu kasome tena anapolisafisha lile kufuli."

Nilikuwa nimeusoma ule ukurasa mara nyingi na kuuruka mara zote, kwa kuwa hapakuwa na ndege. Mume amelala. Mwanaidi analitoa kufuli msumarini, analifuta kwa kitambaa, kisha analipaka mafuta ya nazi ili lisishike kutu. Kufuli lile lile linalomfungia. Na wakati huo anajisemesha. Anaanza kwa "mimi", halafu bila kutuambia anageuka kuwa "wewe": wewe nawe, utakwenda wapi, nani anakungoja. Sentensi zilizokuwa ndefu zinakatika. Neno "kesho" linarudi na kurudi, hadi mwisho halina maana tena, limekuwa kama kikohozi.

Siku ya pili niliufuta ule mstari wangu wa rula nikaandika swali moja tu: analipaka mafuta kwa nini? Darasa likanyamaza, na huo ukawa unyamavu wa kwanza niliojivunia. Tangu hapo ndivyo nilivyofundisha. Kwanza uliza anataka nini na anaogopa nini. Ukishapata yote mawili ndipo utafute jina la mbinu: hapa ni uzungumzinafsi, hapa ni takriri, hapa jazanda, hapo kwenye mtungi ni tashihisi. Majina ni kama vibandiko vya chupa za dawa. Vina faida, ila hakuna aliyepona kwa kulamba kibandiko.

Miaka ikapita, na kila mwaka ulileta chombo chake cha kutuokoa. Ikaja miongozo ya mjini, vitabu vyembamba vinavyomweleza mwanafunzi kitabu kinene ili asitaabike kukisoma. Ikaja projekta, ikaonyesha picha ya ndege kubwa kuliko ukuta. Ikaja mitaala mipya yenye majina marefu na semina zenye chai nzuri. Mimi nilibaki na kalamu yangu nyekundu na swali langu. Riwaya ya Mwanaidi iliondolewa kwenye mtihani, ikaletwa nyingine yenye mwanamke mwingine aliyefungiwa, kisha hatimaye Mwanaidi akarudishwa. Hawaishi wanawake wa kufungiwa, kwa hiyo nyinyi hamtakosa kazi.

Sasa nifike kwa Kadzo, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilipewa darasa la Jumamosi, la watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Walikuwa watu waliochoka kwa heshima: walinzi, wafanyakazi wa mahoteli ya Bamburi, na Mama Tabu, aliyekuja moja kwa moja kutoka kwenye karai lake la viazi, akinukia bizari darasa zima. Kadzo alikuja Jumamosi ya pili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, sauti ya chini. Nyuma yake akaingia mumewe.

"Shikamoo, mwalimu," akasema mume. "Mimi ni Kenga. Twakaa Kiembeni. Mke wangu apenda sana kusoma, nami nimemruhusu. Nitakuwa nikikaa hapo nyuma, mradi nisiwe kero."

Hakuwa kero hata kidogo. Bwana Kenga alikuwa msimamizi wa vibarua kiwandani, mwenye kifua kipana na adabu nyingi. Alijikunja kwenye dawati la nyuma lililotengenezewa watoto, magoti yakimgusa kidevu, na hakukosa Jumamosi hata moja. Aliniletea maji ya chupa. Simu ya Kadzo alikaa nayo yeye, mfukoni mwa shati, isije ikamsumbua mkewe katika masomo. Nikimuuliza Kadzo swali, Bwana Kenga alimsaidia kwa kulijibu. Wiki nzima geti la nyumba yao lilifungwa kwa kufuli kwa ajili ya wezi. Wezi wa Kiembeni wana sifa ya pekee: huja mume akiwa kazini na mke akiwa ndani, na hawajawahi kuiba kitu.

Msimfikirie vibaya. Hakumpiga, hakumtukana, hakulewa. Shule nzima ilimpenda. Mwalimu mkuu wetu wa wakati ule alivutiwa mno na mwanamume anayemsindikiza mkewe darasani, hata siku ya wazazi akamwita jukwaani, akampa thamosi, akawaambia akina baba wengine waige mfano. Watu wakapiga makofi. Kadzo naye akapiga makofi. Mimi niliyatazama yale makofi yake, ya polepole na yenye mpango, nikakumbuka kwamba nalipwa kufundisha kinaya.

Tukafika ukurasa wa kufuli. Nikasoma kwa sauti, nikaweka kitabu chini, nikauliza swali langu la siku zote. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Bwana Kenga.

"Mwalimu, mimi sijajiandikisha, lakini hili limenigusa," akasema. "Huyo mume ni mnyama. Mwanadamu utamfungiaje mwanadamu mwenzio kama kuku?"

Hakuna aliyecheka. Mama Tabu aliinama akatafuta kitu ambacho hakikuanguka. Mlinzi mmoja akakohoa. Niliangalia kama Bwana Kenga anatania, maana watu wetu wa Pwani utani wanaujua. Hakuwa akitania. Macho yalikuwa yamemlowa kwa huruma ya Mwanaidi.

"Haya," nikasema, "tumwache mume. Mwanamke je? Kwa nini analipaka mafuta?"

Ndipo Kadzo akanyoosha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza. Mumewe akageuka kumtazama kwa fahari, kama baba ambaye mtoto wake amesimama dede.

"Analipaka mafuta ili siku likifunguliwa lisilie," akasema Kadzo. Kisha akaongeza, "Na pia kwa sababu ni kufuli lake. Yumo nyumbani humo na kila kilichomo ni cha kusafishwa naye. Hajui ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo maana anajiita wewe. Anajiuliza."

Nimesahihisha insha nyingi kuliko nywele zangu zilizobaki, na sijapata jibu kama lile. Bwana Kenga akasema kutoka nyuma, "Jibu zuri sana hilo. Hamumpigii makofi?" Tukampigia.

Nilipata nafasi ya kusema na Kadzo peke yake siku moja tu. Pikipiki ya mumewe ilipata pancha, akaisukuma hadi kwa fundi barabarani, naye akaniachia mke kama mtu anavyoacha mzigo kwa jirani. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Nilikuwa na hotuba, tena nzuri, ina haki za wanawake na methali mbili.

"Kadzo, mwanangu," nikaanza, "kama wahitaji msaada wa kutoka—"

"Mwalimu, ufunguo ninao," akasema.

Hotuba yangu ikaishia hapo. Akanieleza bila haraka. Mwaka uliopita Bwana Kenga aliugua homa kali, akampa ufunguo aende kununua dawa. Duka la dawa na fundi wa funguo wanapakana. Alirudi na vidonge na ufunguo wa pili. Kufuli la geti lafikika kutoka ndani, kwa tundu la kupitishia mkono. Angeweza kufungua siku yoyote.

"Na hujafungua?"

"Sijafungua. Nauweka kwenye kopo la chumvi. Kila nikipika nauona."

"Kwa nini, basi?"

Alinitazama kama mimi ndiye mwanafunzi. "Geti likiwa limefungwa, mwalimu, nikibaki ni yeye amenibakisha. Nikifungua, nikibaki ni mimi. Nikiondoka ni mimi. Na huyu mtu si kwamba simpendi. Mama yangu alipokuwa akifa kule Kaloleni, mvua imeharibu njia, yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Ndugu zangu wa kuzaliwa walikuwa wakimulika tochi. Anaogopa kitu. Sijui ni kitu gani, naye hajui."

Tukasikia pikipiki inarudi. Kadzo akafungua kitabu mahali popote, akainamia. Mimi nikabaki na methali zangu mbili mdomoni. Nilikuwa nimefundisha kuhusu mwanamke yule kwa miaka yote hiyo, na siku nilipokaa naye benchi moja nilitaka kumwitia fundi wa vitasa.

Mtihani ukaja. Karatasi ya fasihi ilikuwa asubuhi, na kwa bahati wizara ina kanuni moja yenye manufaa: chumba cha mtihani ni cha watahiniwa. Askari wa geti akamzuia Bwana Kenga.

"Ni mke wangu," akasema.

"Nimeamini," akasema askari. "Lakini yeye ana namba ya mtihani, wewe huna."

"Sasa nani atamshikia kalamu zake?"

Askari akafikiri kwa dhati, kisha akasema, "Labda mkono wake."

Kwa hiyo Bwana Kenga akakaa kwenye benchi la nje ya geti, nami niliyekuwa sina usimamizi asubuhi ile nikakaa naye. Alikuwa akitoka jasho kuliko hata walioko ndani. Kila mara alishika mfuko wa shati, ilipokuwa simu ya Kadzo.

"Mwalimu, lile swali la mgogoro wa nafsi litakuja?" akaniuliza.

"Huja kila mwaka."

"Ataliweza?"

"Ataliweza kuliko mimi."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini, "Tangu tuoane sijakaa mahali mchana nisijue anafanya nini." Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake kwa daktari. Kisha akaaibika, akaanza kunieleza bei ya saruji.

Kadzo alitoka kwa mwendo wa kawaida. Akasimama mbele ya mumewe, akanyoosha kiganja. "Nipe simu yangu," akasema. Hakusema kwa hasira. Bwana Kenga akaitoa. Akaiwasha pikipiki, akapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja kama alivyozoea.

"Nitatembea," akasema Kadzo.

"Mpaka Kiembeni? Na jua lote hili?"

"Nimeliona."

Akaanza kutembea. Naye Bwana Kenga, badala ya kumzuia au kumtangulia, akamfuata na pikipiki kwa gia ya kwanza, miguu ikiburuza lami pande zote mbili ili asianguke. Nilishuhudia mpaka walipopita kona. Yaliyofuata niliyapata kwa Mama Tabu, ambaye alikwisha toka mtihanini na kurudi kwenye karai lake la barabarani, akaliacha likiungua ili asikose. Watu wa njiani waliwauliza kama mafuta yamewaishia. Kondakta mmoja akajitolea kumwazima mama nauli. Bwana Kenga akawajibu wote kwa adabu, "Twaja, twaja," huku injini ikikoroma na kuzimika, akiipiga teke na kuiwasha tena. Kadzo hakugeuka.

Walipofika nyumbani mume akashuka haraka, akaanza kupapasa mifuko yake. Kabla hajaupata ufunguo, Kadzo alikwisha kuutoa wake na kufungua. Hili alinisimulia mwenyewe baadaye. Bwana Kenga akautazama ule ufunguo, akautazama wake.

"Umekuwa nao tangu lini?"

"Tangu uumwe homa."

"Na hukutoka?"

"Sikutoka."

Akakaa chini, pale pale kwenye mchanga wa getini, kofia ya pikipiki bado iko kichwani. Akalia. Kadzo alidhani analia kwa kudanganywa. Kumbe alichokuwa akirudia kusema ni, "Mwaka mzima. Mwaka mzima ulikuwa umebaki tu." Mke wake alikuwa amekaa naye kwa hiari yake mwaka mzima, na yeye hakuonja hata siku moja ya mwaka huo, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kumlinda.

Kuanzia kesho yake hakufunga tena. Mngependa niseme wakaishi raha mustarehe. Walikaa hivyo miezi kadhaa, geti wazi, kila mmoja akimwogopa mwenziwe kwa heshima. Matokeo yakatoka, Kadzo akafaulu, akapata kazi ya kufundisha chekechea Bamburi. Kisha mchana kweupe akamwambia mumewe kwamba amepata chumba karibu na kazi, na anataka kukaa humo peke yake, hajui kwa muda gani. Kesho yake Bwana Kenga akamfungia godoro nyuma ya pikipiki, akampelekea.

Majirani walimlaani Kadzo kwa umoja. Mume mwema vile, walisema, aliyepewa hata thamosi. Mwalimu mkuu wetu alisikitika sana. Sikumweleza neno, maana alikuwa anastaafu, na mtu anayestaafu asisumbuliwe na maana ya mambo.

Nilimtembelea Kadzo mwezi uliopita, nikiwa sasa sina kengele ya kukimbilia. Chumba kimoja, pazia la maua, mkeka, vitabu vya watoto vimepangwa kwenye kreti la soda. Alinipikia chai ya maziwa yenye tangawizi na mahamri, tukazungumza habari za wanafunzi wake wanaokula chaki. Nilikuwa nimemuuliza kama watarudiana, naye alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa, nje ikasikika sauti ya kiume.

"Hodi."

Kadzo akafunga kinywa. Mkono wake ukaenda kwenye mtandio, ukaurekebisha begani, kisha ukaurudisha ulivyokuwa. Akachukua kijiko akakoroga chai yake, ambayo sukari ilikwisha yeyuka zamani.

"Hodi hapa."

Akaweka kijiko. Akautazama mlango, ambao ulikuwa umerudishwa tu. Akanyanyuka nusu, akakaa. Mnajua desturi yetu: hodi ya tatu ikikosa jibu, mgeni mwenye adabu hugeuza njia. Nami nilijua, bila kumwona, kwamba aliye nje ni mtu mwenye adabu.

"Hodi wenyewe," sauti ikasema mara ya tatu, chini zaidi.

Nikasikia ndara zikigeuka changaraweni, hatua moja, ya pili. Kadzo alikuwa amekwisha simama, na uso wake ulikuwa na mambo mengi kwa wakati mmoja hata nikaona haya kuutazama, nikainamia kikombe changu.

"Nani?" akauliza, ingawa sauti ile alikuwa akiijua kuliko yake.

Ndara zikasimama.

"Ni mimi, Kenga," mtu wa nje akasema. "Kama una nafasi."

Kadzo akakiosha kikombe cha tatu, taratibu sana, ndani na nje, kisha akaenda kufungua.